Tuviera, Fuera, Dijera: Namna ya Kulimudu Umbo la Kihispania Linalowakwamisha Wengi

Swali huja kwa sura nyingi lakini ni lile lile. Mmoja anaongoza watalii Arusha, mwingine anajiandaa kwa mtihani wa DELE ngazi ya B2, wa tatu ameolewa Valencia na mawifi zake wakianza kupiga soga mezani hawamsubiri mtu. Wote wanauliza: hili *tuviera*, *fuera*, *dijera* linatoka wapi, na nitajuaje pa kulitumia?

Vitabu huliita *imperfecto de subjuntivo*. Sisi hapa tutaliita umbo la *-ra*, kwa kuwa ndivyo linavyosikika. Nadharia tutawaachia wenyewe. Yetu ni mambo mawili tu: kuliunda, na kujua panapolihitaji.

Lakini kabla hujachukua kalamu, elewa hili. Anayekwama kwenye umbo la *-ra* mara nyingi hakukwama hapo. Alikwama nyuma, kwenye wakati uliopita wa kawaida, akavuka bila kuumaliza. Na upande wa matumizi, wewe unayezungumza Kiswahili una mtaji ambao vitabu vingi havikuambii: *-nge-* yako na kile kiishio cha *-e* katika “niende” na “aje” vitakufikisha zaidi ya nusu ya safari. Kazi yako ni kujua vinapokufikisha na vinapokuacha.

## Kuliunda: hatua tatu

1. Chukua kitenzi katika wakati uliopita uliokamilika (vitabuni: *pretérito indefinido*), nafsi ya “wao”. Mfano: *hablaron* (walizungumza), *comieron* (walikula), *tuvieron* (walipata, walikuwa na).
2. Kata *-ron*. Kinabaki *habla-*, *comie-*, *tuvie-*.
3. Bandika viishio hivi: *-ra, -ras, -ra, -ramos, -rais, -ran*.

Kwa kitenzi *tener* unapata:

- yo *tuviera*
- tú *tuvieras*
- él, ella, usted *tuviera*
- nosotros *tuviéramos*
- vosotros *tuvierais*
- ellos, ellas, ustedes *tuvieran*

Mambo matatu ya kuzingatia:

- “Mimi” na “yeye” vinafanana. Pale ambapo msikilizaji anaweza kuchanganya, taja mtendaji: *yo tuviera*, *ella tuviera*.
- *Vosotros* ni ya Uhispania. Ukizungumza na watu wa Meksiko, Kolombia au Peru, “ninyi” ni *ustedes*, na umbo lake ni *tuvieran*.
- Waajentina husema *vos* badala ya *tú*. Usiogope: katika umbo hili *vos* hutumia viishio vile vile vya *tú*, yaani *vos tuvieras*.

Utauliza: vitenzi vinavyokiuka kanuni ni vipi? Hakuna. Ukaidi wote uko kwenye hatua ya kwanza. Ukishalijua umbo la “wao”, yaliyobaki ni kukata na kubandika. Ndiyo maana nashauri usikariri majedwali ya umbo la *-ra*. Kariri safu moja tu, ya “wao” waliofanya jana.

## Safu ya “wao”: jifunze kwa koo

Vitenzi vikaidi si vingi, na vina koo zake. Vijifunze ukoo kwa ukoo, tena kwa sauti.

Ukoo wa “u”

- *tener – tuvieron – tuviera*
- *estar – estuvieron – estuviera*
- *andar – anduvieron – anduviera*
- *poder – pudieron – pudiera*
- *poner – pusieron – pusiera*
- *saber – supieron – supiera*
- *haber – hubieron – hubiera*

Ukoo wa “i”

- *hacer – hicieron – hiciera*
- *venir – vinieron – viniera*
- *querer – quisieron – quisiera*

Ukoo wa “j”

- *decir – dijeron – dijera*
- *traer – trajeron – trajera*
- *conducir – condujeron – condujera*
- *traducir – tradujeron – tradujera*

Ukoo huu hauna *i* baada ya *j*. Wengi huandika *dijiera* na *trajiera*, kwa mazoea ya *comiera*. Futa hiyo *i*.

Vifupi vinavyotumika kila saa

- *ser* na *ir* vyote viwili: *fueron – fuera*
- *dar – dieron – diera*
- *ver – vieron – viera*

*Fuera* inaweza kuwa “kuwa” au “kwenda”, na pia ni neno la “nje”. Sentensi yenyewe ndiyo itakayokuonyesha ni ipi.

Vya -ir vinavyobadili irabu

- *pedir – pidieron – pidiera*
- *seguir – siguieron – siguiera*
- *sentir – sintieron – sintiera*
- *preferir – prefirieron – prefiriera*
- *dormir – durmieron – durmiera*
- *morir – murieron – muriera*

Vinavyoingiza “y”

- *leer – leyeron – leyera*
- *oír – oyeron – oyera*
- *caer – cayeron – cayera*
- *construir – construyeron – construyera*

Onyo: ukiacha vikaidi vya koo za juu kama *querer* na *poder*, vitenzi vya *-ar* na *-er* vinavyobadili irabu katika wakati uliopo havibadiliki hapa. Unasema *pienso*, lakini *pensaron – pensara*. Unasema *vuelvo*, lakini *volvieron – volviera*. Ukijikuta unaandika *piensara* au *vuelviera*, ujue umeanzia kwenye wakati uliopo badala ya kuanzia kwa “wao” wa jana.

## Mkazo: hapa ulimi wa Kiswahili unasaidia, kisha unaponza

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. *Hablara* nayo iko hivyo: ha-BLA-ra. Itakutoka vizuri bila kufundishwa. Ila kuna sehemu mbili za kuangalia.

- Usiichanganye na wakati ujao. *Hablará*, mkazo ukiwa mwishoni, maana yake ni “atazungumza”. *Compraras* ni umbo letu. *Comprarás* ni “utanunua”. Alama moja iliyosahaulika inabadili maana nzima, na kwenye mtihani wa kuandika inakula alama zako.
- “Sisi” hurudi nyuma silabi moja. Ni *habláramos*, ha-BLÁ-ra-mos. Ulimi wetu utataka kusema habla-RA-mos. Ukatalie. Kila umbo la *nosotros* hapa hubeba alama ya mkazo kwenye irabu iliyo kabla ya *-ramos*: *tuviéramos, fuéramos, dijéramos, esperáramos*.

## Na lile la -se je?

Utakutana na *hablase, tuviese, fuese, dijese*. Ni pacha wa umbo la *-ra*, linaundwa kwa hatua zile zile, ila badala ya *-ra* unabandika *-se, -ses, -se, -semos, -seis, -sen*. Uhispania utalisikia mdomoni na kulisoma vitabuni. Amerika ya Kilatini watu wengi huzungumza kwa *-ra*, na *-se* huonekana zaidi kwenye maandishi.

Ushauri wangu: litambue ukilisoma, lakini zungumza na uandike kwa *-ra*. Ni sahihi kila mahali, na lina kazi ya adabu ambayo *-se* kwa kawaida haipewi, kama tutakavyoona. La muhimu ni kutoyachanganya ovyo katika aya moja.

## Pa kulitumia (1): fuata -nge- yako

Tazama namna Kiswahili kinavyogawa masharti, kisha uone Kihispania kinavyokwenda:

- -ki-, jambo linalowezekana: “Nikipata nafasi, nitakuja.” → *Si tengo tiempo, vendré.* Hapa umbo la *-ra* halihitajiki.
- -nge-, jambo lisilo kweli sasa: “Ningekuwa na nafasi, ningekuja.” → *Si tuviera tiempo, vendría.*
- -ngeli- au -ngali-, jambo ambalo halikutokea: “Ningelikuwa na nafasi, ningelikuja.” → *Si hubiera tenido tiempo, habría venido.*

Mpaka hapo mambo ni shwari. Mitego iko minne.

Mtego wa kwanza: -nge- mbili. Kiswahili hurudia *-nge-* pande zote mbili. Kihispania hakirudii. Upande wenye *si* unachukua *-ra*, upande wa matokeo unachukua *-ría*. Ndiyo maana mtu wetu huteleza akasema *Si tendría tiempo, vendría*. Hata ukigeuza sentensi kichwa chini, *-ra* haibanduki kwenye *si*: *Vendría si tuviera tiempo.*

Mtego wa pili: kusahau *si*. Kwetu “kama” si lazima. *-Nge-* yenyewe inatosha. “Ningekuwa na gari, ningekupeleka.” Kwa Kihispania lazima *si* iwepo: *Si tuviera coche, te llevaría.*

Mtego wa tatu: -nge- ya mtaani. Katika mazungumzo ya kila siku wengi wetu tumeshaiacha *-ngeli-*. Mtu aliyepigwa mvua harusini hulalamika: “Ningejua, nisingekuja.” Anazungumzia jambo lililokwisha kupita, ingawa ametumia *-nge-*. Ukimfuata neno kwa neno utasema *Si supiera, no vendría*, na Mhispania ataelewa kwamba hujui sasa hivi, na kwa hiyo unakuja. Jiulize kwanza: jambo limekwisha au bado? Kama limekwisha, ni *hubiera*: *Si lo hubiera sabido, no habría venido.* Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu jina lake ni *hubiera*.

Mtego wa nne: *si tenga*. Mtu akishajua kwamba *si* na *subjuntivo* hukutana, huanza kuweka *subjuntivo* ya wakati uliopo baada ya *si* ya masharti. Hilo ni kosa. Baada ya *si* ya masharti ni ama *tengo*, ama *tuviera*, ama *hubiera tenido*. *Tenga* haikai hapo.

## Pa kulitumia (2): fuata kiishio chako cha -e

Linganisha:

- “Anataka niende.” → *Quiere que vaya.*
- “Alitaka niende.” → *Quería que fuera.*

Kwa Kiswahili “niende” haikubadilika. Iwe anataka leo au alitaka mwaka juzi, ni “niende” tu. Kihispania kinadai kitenzi cha pili kifuate wakati wa kile cha kwanza. Kwa hiyo kanuni yako ni hii: kitenzi cha kwanza kikiwa kimepita, na cha pili kwa Kiswahili kikiwa na umbo la “niende, aje, wasishuke”, weka -ra.

Mifano kwa anayefanya kazi na wageni:

- “Niliwaomba wasishuke garini.” → *Les pedí que no bajaran del coche.*
- “Askari wa hifadhi alituambia tusubiri.” → *El guarda nos dijo que esperáramos.*
- “Daktari alimshauri anywe maji mengi.” → *El médico le aconsejó que bebiera mucha agua.*
- “Nilizungumza polepole ili waelewe.” → *Hablé despacio para que entendieran.*

Angalizo: vitenzi vyenye asili ya Kiarabu havibadili irabu ya mwisho. “Alitaka nirudi”, “alinitaka nijibu”: hakuna *-e*, lakini kazi ni ile ile. *Quería que volviera.*

Ukiona -nge- mbele na -e nyuma. “Ningependa uje kesho.” → *Me gustaría que vinieras mañana.* Kitenzi cha kwanza hapa hakijapita, ni *-ría*, lakini nacho kinaita *-ra*. Huko Amerika utawasikia wanaosema *me gustaría que vengas*. Wasikilize, ila kwenye mtihani na barua rasmi andika *vinieras*.

Mtendaji akiwa mmoja, achana na *que*. “Nilitaka kwenda” ni *Quería ir*. Usiseme *Quería que yo fuera*. Hapa Kiswahili kinakulinda vizuri: ukiona “ku-”, na Kihispania nacho kinataka kitenzi kisichonyambuliwa.

Angalia *decir*. Kitenzi hiki kina kazi mbili, na zote hutumika kila siku:

- “Alisema anakuja.” → *Dijo que venía.* Hii ni taarifa.
- “Alisema aje.” → *Dijo que viniera.* Hii ni amri.

Dereva akipokea ujumbe, tofauti kati ya *venía* na *viniera* ndiyo tofauti kati ya kumsubiri mtu hotelini na kuwasha gari.

## Pa kulitumia (3): Kiswahili kinapokuacha peke yako

Sasa tunaingia mahali ambapo *-nge-* na *-e* hazitakuonyesha njia. Orodha hii ndiyo ya kukariri.

- Hisia. “Nilifurahi kwamba ulikuja.” → *Me alegré de que vinieras.* Kwetu ni maelezo ya kawaida. Kwao furaha, huzuni, hofu na mshangao huita *subjuntivo*.
- Shaka na kukanusha imani. “Sikuamini kwamba alikuwa mwizi.” → *No creía que fuera ladrón.* Lakini “Niliamini kwamba alikuwa mwizi” ni *Creía que era ladrón*. Kinachobadili ni ile *no*.
- Kabla. “Tuliondoka kabla mvua haijanyesha.” → *Nos fuimos antes de que lloviera.*
- Bila. “Aliondoka bila mimi kujua.” → *Se fue sin que yo lo supiera.*
- Mtu au kitu ambacho hakipo. “Hakukuwa na mtu aliyejua Kihispania.” → *No había nadie que supiera español.*
- Kana kwamba. “Anazungumza kana kwamba anajua kila kitu.” → *Habla como si lo supiera todo.* *Como si* haijali kitenzi cha kwanza kiko wakati gani: ni *-ra*, au *hubiera* kama jambo lilitangulia.
- Laiti. “Laiti ningekuwa na pesa!” → *¡Ojalá tuviera dinero!* Ila kama unatumaini jambo linaloweza kutokea, “Mungu akipenda atakuja”, ni *Ojalá venga*.
- Cuando ya baadaye. “Aliniambia nimpigie nikifika.” → *Me dijo que lo llamara cuando llegara.* Wakati alipokuwa akisema, bado sijafika. Lakini jambo lililotokea kweli halitaki *-ra*: *Cuando llegué, lo llamé.*

## Tuichambue sentensi moja

Mgeni amerudi kutoka mapokezi ya hoteli, amenuna, anakueleza:

*Le pedí al recepcionista que me cambiara la habitación, pero me dijo que no había ninguna que diera al mar.*

Yaani: “Nilimwomba mtu wa mapokezi anibadilishie chumba, lakini akaniambia hakuna hata kimoja kinachotazama bahari.” Tuangalie kitenzi kimoja kimoja.

- *Pedí*: ombi lililokwisha kupita. Kwa Kiswahili kinachofuata ni “anibadilishie”, kuna *-e*. Kwa hiyo *cambiaron – cambiara*.
- *Dijo que no había*: ni taarifa, si amri. Kwa hiyo *había*, bila *-ra*. Kuona *dijo que* peke yake hakutoshi kukufanya ukimbilie *subjuntivo*.
- *Ninguna que diera*: chumba hicho hakipo. Kwa hiyo *dieron – diera*.

Sentensi ya kawaida kabisa, ya malalamiko ya kawaida, imekutaka uamue mara tatu. Ukiweza kuichambua namna hii, umeshalielewa umbo hili, na kilichobaki ni kasi.

## Adabu: -ra ya “naomba”

*Quiero una mesa* si tusi, lakini ni kavu. *Quisiera una mesa para cuatro* inafanya kazi ya “ningependa” au “naomba” yetu. Hapa umbo la *-ra* husimama lenyewe, bila kitenzi kingine mbele.

- *Quisiera hacerle una pregunta.* Ningependa kukuuliza swali.
- *Debiera descansar un poco.* Ingefaa upumzike kidogo.
- *Quisiera que me explicara el precio.* Ningeomba unifafanulie bei.

Katika kazi hii ya adabu tumia *-ra*, si *-se*. Na usiipitilize: kwa rafiki au kijana mwenzako, *quiero* au *me gustaría* inatosha.

## Makosa yanayojirudia zaidi

- *Si tendría dinero…* → *Si tuviera dinero…*
- *Si tenga tiempo, voy.* → *Si tengo tiempo, voy.*
- *Quería que vienes.* → *Quería que vinieras.*
- *Quería que yo comiera* (mtu akitaka kula mwenyewe) → *Quería comer.*
- *Como si es rico.* → *Como si fuera rico.*
- *Antes de que llegó.* → *Antes de que llegara.*
- *Me pidió que dijiera…* → *Me pidió que dijera…*
- *Nos dijeron que esperaramos* (bila alama) → *Nos dijeron que esperáramos.*
- *Si habría sabido…* → *Si hubiera sabido…*

## Najua utabisha

“Mbona nimemsikia Mhispania akisema *si tendría*?” Inawezekana kabisa, hasa kaskazini mwa Uhispania, katika nchi ya Wabaski na majimbo ya jirani. Ni mazoea ya huko. Sarufi sanifu haiyakubali, na mgeni akisema hivyo huhesabiwa kosa, hata kama mwenyeji anaachwa.

“Nimesoma *Si lo hubiera sabido, hubiera venido*. Si ulisema upande wa pili ni *habría*?” Zote mbili ni sahihi. *Hubiera* inaruhusiwa pande zote. *Habría* inaruhusiwa upande wa matokeo tu. Ukishindwa kukumbuka, weka *hubiera* kote na hutakosea.

“Gazeti limeandika *el que fuera alcalde de Madrid*. Hapo shaka iko wapi?” Hakuna shaka yoyote. Maana yake ni “aliyekuwa meya wa Madrid”. Ni mtindo wa waandishi wa habari. Utambue, usiuige.

“Nikiweka *indicativo*, yaani umbo la kawaida kama *venía*, kila mahali si nitaeleweka tu?” Mara nyingi utaeleweka. Lakini umeona *dijo que venía* na *dijo que viniera*. Zipo sentensi ambazo ukikosea kitenzi, msikilizaji anaelewa jambo jingine kabisa, tena bila kujua kwamba umekosea, na hatakusahihisha.

“Nina miaka mingi kwenye lugha hii na bado nakwama nikizungumza.” Basi usianze na sentensi ndefu. Chagua vichocheo vitatu tu, *quería que*, *si* na *como si*, uvizoee mpaka vitoke vyenyewe. Vingine viongeze baadaye.

## Mazoezi yenye faida

1. Safu ya “wao” kwanza. Chukua vitenzi unavyovitumia kazini au nyumbani. Kwa kila kimoja sema vitatu mfululizo, kwa sauti: *pedir, pidieron, pidiera*. Ukikwama, jua umekwama kwenye cha katikati. Rudi hapo.
2. Rudisha sentensi nyuma. Andika *Quiere que venga*, kisha ipeleke jana: *Quería que viniera*. *Me piden que espere* iwe *Me pidieron que esperara*. Zoezi hili ndilo linalovunja mazoea ya “niende” isiyobadilika.
3. Simulia maombi ya siku. Jioni, taja kila ulichoombwa au kuamriwa: *Mi jefe me dijo que…*, *Un cliente me pidió que…*, *Mi madre quería que…* Maisha ya mtu yamejaa amri za wengine, malighafi haitaisha.
4. Sikiliza kwa kusudi. Ukitazama tamthilia ya Kihispania, shika kichocheo kimoja tu, kwa mfano *como si*, na unase kitenzi kinachofuata. Ukitaka kunasa vyote, hutanasa hata kimoja.

Usijaze daftari kwa sentensi za kitabuni kuhusu Juan na María. Andika za kwako, zenye bosi wako, mama mkwe wako, wageni wako. Ndizo utakazozihitaji.

## Jipime

Ziweke kwa Kihispania, kisha ulinganishe na majibu chini.

1. Aliniomba nilale hapa.
2. Nilitaka kulala.
3. Walituambia tulipe.
4. Walituambia basi limechelewa.
5. Anaishi kana kwamba ni mfalme.
6. Ningekuwa na muda, ningejifunza Kireno.
7. Tungelijua, tusingelinunua.

Majibu

1. *Me pidió que durmiera aquí.*
2. *Quería dormir.*
3. *Nos dijeron que pagáramos.*
4. *Nos dijeron que el autobús venía con retraso.*
5. *Vive como si fuera un rey.*
6. *Si tuviera tiempo, aprendería portugués.*
7. *Si lo hubiéramos sabido, no lo habríamos comprado.*

Ukikosa ya 1 au ya 3, rudi kwenye safu ya “wao” na alama za mkazo. Ukikosa ya 2 au ya 4, tatizo ni kwamba unaweka *-ra* mahali pasipoihitaji. Soma tena kuhusu *ku-* na taarifa. Ukikosa ya 5, rudia orodha ya pale Kiswahili kinapokuacha peke yako. Ukikosa ya 6 au ya 7, anza na *-nge-*. Na ukizipata zote, acha kusoma kuhusu umbo hili. Kamtafute mtu wa kuzungumza naye.